Meza Ishirini na Nne: Tulivyogeuza Ghala Kuwa Ukumbi wa Maigizo Iringa

Wenzetu wa vikundi vya sanaa wakifika kwetu Ipogolo, swali la kwanza huwa ni viti: mlivipata wapi, nani aliwachongea, bei gani. Mimi huwauliza kwanza mna watu wangapi wa kubeba. Wengine hudhani nakwepa kutaja bei. Sikwepi. Ukumbi ambao viti vyake vinahama unahamishwa na vijana waliomaliza mazoezi saa mbili usiku, wana njaa, na kesho asubuhi wana vipindi chuoni. Kama mchoro wako haukuwahesabu hao, baada ya miezi michache viti vitaganda mahali pamoja na utakuwa umejenga ukumbi wa kawaida kwa gharama kubwa. Karibu kila kitu ninachoeleza hapa chini kinazunguka jambo hilo, hata pale kinapoonekana ni habari ya mbao na bati.

Kikundi chetu kina maigizo, ngoma na ushairi. Wengi ni walimu na wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini. Kwa miaka mingi tuliigiza kwenye kumbi za harusi na mabwalo ya shule. Aliyewahi kuigiza kwenye ukumbi wa harusi anajua: watazamaji wamezunguka meza, nusu yao wamekupa mgongo, na nyuma yako kuna mapambo ya bibi harusi wa jana ambayo mwenye ukumbi amekataa yasiguswe. Bwalo lina mwangwi unaokula kila neno la pili. Kwa hiyo mzee mmoja alipokubali kutupangisha ghala lake la zamani la mahindi, tulifurahi kuliko ilivyostahili. Lina upana wa mita 12 na urefu wa mita 22, kuta za tofali za kuchoma, paa la bati juu ya kenchi za mbao, na hakuna nguzo katikati. Hilo la nguzo ndilo la kuangalia kabla ya jingine lolote. Nguzo moja katikati ya ukumbi huwezi kuihamisha, na kila mpangilio utakaoubuni utakuwa unaikimbia.

Kwa nini tulitaka viti vinavyohama? Kwa sababu kazi zetu hazifanani. Tamthilia ya sebuleni, yenye mlango, kochi na ugomvi wa mirathi, hutazamwa vizuri watu wakiwa upande mmoja. Ngoma nyingi za kwetu watu huzizunguka. Ukiiweka ngoma mbele ya safu za viti vilivyonyooka, mchezaji wa pembeni anacheza peke yake na mpigaji anautazama ukuta. Halafu kuna mganda wa watu wa Ziwa Nyasa, unaochezwa kwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Huo unataka urefu, na raha yake ni kuona mstari mzima ukigeuka kwa pamoja, jambo linaloonekana vizuri ukiwa ubavuni. Mchezo mmoja tulioutunga juu ya shauri la ardhi ulitaka watu wakae pande mbili wakitazamana, ili kila upande uone nyuso za upande wa pili wakati hukumu inasomwa. Huwezi kuyapata hayo kwenye bwalo.

Kijana msanifu majengo, ndugu wa mwenzetu, alitusaidia mchoro wa kwanza bila malipo. Ulikuwa mzuri mno. Ulikuwa na ngazi za viti za kuagiza kutoka nje, zile zinazojikunja ukutani kwa mota na kujivuta mbele ukibonyeza kitufe. Tuliupenda kwa siku kadhaa, mpaka tulipoanza kuuliza maswali ya kawaida. Mota ikifa, fundi atatoka wapi? Sakafu ya ghala ina mawimbi, magurudumu yatapitaje? Na la msingi zaidi: ngazi za namna hiyo hutoka ukuta mmoja na kurudi ukuta uleule. Zinakupa ukumbi wenye viti au ukumbi mtupu. Duara hazikupi, wala pande mbili zinazotazamana.

Ndoto ya ukumbi unaojigeuza kwa mashine si ya jana. Mwaka 1927 Walter Gropius, msanifu wa Ujerumani, alimchorea mwongozaji Erwin Piscator ukumbi ambao sehemu ya viti na jukwaa ingezunguka hata katikati ya onyesho. Haukujengwa. Mfano uliotusaidia ni ule wa Cottesloe, ukumbi mdogo wa Jumba la Maigizo la Taifa la Uingereza, uliofunguliwa London mwaka 1977 kwa ubunifu wa Iain Mackintosh. Tangu 2014 unaitwa Dorfman. Pale baraza za ghorofa zinazozunguka pande tatu hazisogei. Kinachobadilika ni sakafu ya katikati. Sisi hatukuwa na uwezo wa kujenga baraza, lakini tulichukua wazo: kwanza amua vitakavyobaki palepale, halafu ndipo uviache vingine vihame. Kwetu vilivyobaki palepale ni milango, mabomba ya taa, meza ya fundi mitambo na stoo.

Hatua iliyofuata ilileta ugomvi kikundini. Baadhi yetu walitaka ukumbi unaoweza kukaa vyovyote atakavyo mwongozaji. Mama mmoja mtu mzima katika kikundi, ambaye kwa miaka mingi alisimamia stoo ya shule, alitusikiliza mpaka tukachoka, akasema, "Wanangu, mimi nataka kujua mipangilio ni mingapi ili nijue nitahesabu nini." Akatulazimisha tuchague mitatu: watazamaji upande mmoja, pande mbili zinazotazamana, na pande nne. Anayetaka wa nne alete hoja, na alete na wabebaji.

Sasa nije kwenye mbao, maana hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kote.

Viti vya nyuma lazima viinuke, vinginevyo watu watatazama visogo. Tulihitaji viinuko vya mbao ambavyo vinapangwa kama matofali ya mtoto. Vijana walianza kuviita meza, na jina likabaki. Swali ni ukubwa. Karatasi ya plaiwudi inayouzwa madukani ni futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44. Fundi wa kwanza alipendekeza tuitumie nzima, bila kukata, ili kuokoa kazi. Tulipiga hesabu ya uzito. Karatasi ya unene wa milimita 18 peke yake ni kilo 30 na ushee. Ukiongeza fremu ya mbao za mbili kwa nne, unakaribia kilo 60. Watu wawili wenye nguvu wataibeba, mara nne, mara tano, na ya sita wataiburuta na kuchubua sakafu. Isitoshe futi nne ni kina kikubwa kwa safu moja ya viti na kidogo kwa safu mbili.

Mkato uliotufaa ni huu: kila karatasi ikatwe kwa upana wake kuwa vipande viwili vya futi 4 kwa 3 na kimoja cha futi 4 kwa 2. Kipande cha futi tatu, sentimita 91, kinatosha mtu kukaa na mwingine kupita mbele ya magoti yake. Upana wa futi nne unachukua viti viwili bila kubanana, hata mwezi wa saba ambapo kila mtu hapa Iringa kavaa koti. Meza moja pamoja na fremu yake ni kilo 25 hivi. Kile kipande cha futi mbili hakikutupwa, kimekuwa ngazi ya kupandia kati ya safu. Karatasi 12 zikatupa meza 24 na ngazi 12, bila mabaki ya maana.

Hiyo 24 hatukuichagua kwa bahati. Ukikaa upande mmoja ni safu tatu za meza nane. Ukikaa pande mbili, kila upande una safu mbili za meza sita. Pande nne, kila upande safu mbili za meza tatu. Katika mipangilio yote mitatu meza zote zinatumika, hakuna ya kurudisha stoo na hakuna ya kukodi. Kama kuna ushauri mmoja wa mchoro ambao ningekuomba uuchukue, chukua huo: tafuta idadi inayogawanyika kwa mipangilio yako yote, ndipo ununue mbao.

Mbao zenyewe tulizinunua Mafinga. Msitu wa Sao Hill uko pale, viwanda vya kupasua viko pale, na mbao za msindano ni rahisi kuliko utakazozikuta Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba nyingi huuzwa mbichi. Seremala wetu, mzee wa huko huko Mafinga, alikuja kuzikagua akiwa bado ameshika kofia mkononi.

"Kamwene, Mwalimu. Hizi umezinunua lini?"

"Wiki hii, mzee."

Akaikwangua moja kwa ukucha, akanionyesha unyevu. "Basi zirudishe msituni, bado hazijamaliza kukua."

Mbao mbichi ukiifunga fremu leo, ikikauka inapinda na boliti zinalegea. Meza inayotikisika mtu akiwa amekaa juu yake ni hatari, lakini pia inapiga kelele, na kelele hizo zitatokea mwigizaji anaponong'ona. Tulizipanga kivulini, kila tabaka likitenganishwa na vipande vya mbao ili hewa ipite, tukaweka uzito juu, tukasubiri kiangazi kifanye kazi yake. Kusubiri kulitugharimu kodi ya ghala ambalo hatulitumii, na kulitugharimu subira ya wafadhili wetu wadogo wadogo waliokuwa wanauliza onyesho la kwanza ni lini. Panga ununuzi wa mbao kabla hata ya kusaini mkataba wa pango, kama una mahali pa kuzihifadhi.

Miguu ya meza ni bomba za mraba za chuma, zinazoingia kwenye soketi zilizochomelewa kona za fremu. Kabla ya kukata chuma tulifanya jaribio ambalo halikutugharimu chochote: tuliazima tofali, tukapanga mbao juu yake, tukaweka viti, tukawakalisha wanakikundi. Msanifu alikuwa amechora kila safu iinuke sentimita 20 kuliko ya mbele yake. Tulipokaa, nyuso za waigizaji zilionekana vizuri. Ndipo mchezaji wa ngoma akaingia, na kuanzia safu ya pili hakuna aliyeona miguu yake. Akina mama wawili wenye vilemba vya harusi waliokaa mbele walimaliza kabisa ubishi.

Sababu yake ni ya jiometri. Kwetu mwigizaji yuko sakafuni, hana jukwaa la juu. Jicho la mtu aliyekaa liko kama mita moja na sentimita 15 kutoka chini, na kichwa kinapanda tena sentimita 12 juu ya jicho. Mstari kutoka jicho la aliye nyuma hadi kidole cha mguu cha mchezaji unapita katikati ya kifua cha aliye mbele. Tukapandisha kila safu kwa sentimita 40, na safu ya kwanza kabisa tukaikalisha chini: watoto kwenye mikeka, wakubwa kwenye mabenchi mafupi. Hapo miguu ikaonekana. Lakini kupanda sentimita 40 kwa hatua moja ni kumvunja bibi wa watu goti, ndiyo maana vile vipande vya futi mbili vikawa ngazi za katikati, vikigawa kila mpando kuwa sentimita 20 na 20. Juu ya sentimita 120 hatukuthubutu kwenda. Urefu zaidi ya hapo unataka kazi ya kiwandani, si ya karakana ya mtaani.

Mhandisi tulimlipa, na naomba usiruke gharama hii hata kama una fundi unayemwamini kama ndugu. Alipiga hesabu kwa kilo 500 kwa kila mita ya mraba, kiwango kinachotumiwa na wahandisi kwa majukwaa na mahali watu wanapojazana, maana yake meza yetu moja ibebe zaidi ya kilo 550. Kwa uzito wa kukaa kimya fremu ilitosha. Kilichomtia wasiwasi ni watu kuyumba kwa pamoja. Ngoma ikikolea, watazamaji nao wanarusha mabega, wanapiga miguu kwa mdundo mmoja, na miguu mirefu ya chuma inaanza kwenda kushoto na kulia. Akatuwekea vyuma vya mshazari kati ya miguu yote ya safu za juu, boliti za kuunganisha meza na meza, na kizuizi cha mita 1.1 nyuma ya safu ya juu na pembeni. Fundi wa kuchomelea alinung'unika kwamba tunajenga daraja. Tulimlipa, akajenga daraja.

Wa Zimamoto walikuja mapema kwa sababu tuliwaita mapema, na nawashauri mfanye hivyo. Ofisa aliyetumwa alitazama mchoro wa watazamaji upande mmoja, akaukubali: milango miwili kwenye kuta tofauti, yote inafunguka nje, hakuna kufuli wakati wa onyesho. Kisha akauliza, "Na ukigeuza viti, mlango wa pili unabaki wapi?" Tukaweka mchoro wa pande nne mezani. Safu ya kaskazini ilikuwa imeuziba mlango wa pili kabisa. Kila mpangilio ni ukumbi mwingine mbele ya moto. Ukaguliwe wenyewe, uwe na njia zake zilizo wazi, na uwe na idadi yake ya watu. Tulihamisha mlango, tukatengeneza njia ya mita 1.1 kuzunguka nyuma ya viti katika mipangilio yote, tukapoteza kwa hiyo sehemu ya eneo la kuigizia. Kwa pande nne tumebakiwa na mraba wa kama mita nne na nusu. Waigizaji wetu walilalamika, wakazoea.

Ofisa huyo huyo ndiye aliyekataa viti vyetu vya plastiki. Ni vyepesi na vinapangana, lakini gizani watu wakikimbia huanguka na kuwa mitego ya miguu. Tukatengeneza ubao mwembamba unaopita chini na kuvifunga vinne vinne, na kila ukingo wa meza ukapigiwa kipande cha mbao cha sentimita tano ili mguu wa kiti usiteleze. Mwenye kiti cha magurudumu tumemwekea nafasi sakafuni katika kila mpangilio, na kando yake kiti cha aliyekuja naye. Tuliwahi kuona ukumbi ambao mlemavu anaegeshwa peke yake karibu na mlango kama baiskeli.

Taa. Jukwaa likihama, taa nazo zinatakiwa zifike kokote, kwa hiyo huwezi kuning'iniza bomba moja mbele ukaridhika. Tulihitaji wavu wa mabomba juu ya eneo lote. Mhandisi alikataa tusitundike chochote kwenye kenchi za zamani, hivyo tukasimamisha nguzo za chuma kandokando ya kuta na kulaza mabomba juu yake. Habari njema kwa mwenye mfuko mdogo: bomba la maji la chuma la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, sawasawa na bomba la jukwaa la mafundi ujenzi, na ndilo vibanio vya taa za maonyesho hutengenezewa. Hakuna haja ya kuagiza kitu maalumu. Kila taa iwe na mnyororo wa usalama, zaidi ya kibanio chake. Taa za LED zilituokoa kwenye umeme. Za zamani zingetulazimisha kuomba fezi tatu. Soketi ziwe kwenye kuta zote nne, nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu waya uliopita sakafuni katika mpangilio mmoja utakuwa katikati ya njia ya watu katika mwingine.

Mvua ni habari nyingine, na hapa sina ushindi wa kutangaza. Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, mvua ya Iringa ikishuka kwenye bati tupu hakuna sauti ya binadamu inayoipita. Tuliweka dari ya mbao na kujaza nafasi ya juu kwa kile tulichomudu. Kelele ilipungua, haikwisha. Paa na dari na sakafu vilikula zaidi ya nusu ya fedha zote, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyewahi kuvisifu. Mwishowe tulibadilisha kalenda: michezo ya maneno mengi inakaa kati ya Juni na Oktoba, masika ni ya ngoma na muziki. Baridi ya Juni watu huivumilia. Hujifunika mablanketi na kuja. Mtu akikwambia upigilie treya za mayai ukutani ili kuua mwangwi, mshukuru na usifanye. Hazifyonzi sauti kiasi cha maana na zinashika moto upesi. Mapazia mazito yaliyoachwa umbali kidogo kutoka ukutani yalitusaidia zaidi, ingawa nayo lazima yawe mbali na taa. Katika mpangilio wa pande nne bado kuna mgongo wa mwigizaji. Akikupa mgongo, herufi za s na t hazikufikii, na dawa yake ni mazoezi tu: ageuke kwenye neno muhimu, asikae pembe moja kwa muda mrefu.

Stoo imechukua mita tatu za urefu wa ghala, karibu sehemu moja ya saba ya eneo lote, na kila mgeni huona tumepoteza nafasi ambayo ingeingiza watu wa kulipa. Lakini miguu, vyuma vya mshazari, boliti, vizuizi, mapazia na viti vya ziada vikikosa nyumba yake vitalala nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia ndipo waigizaji wanapobadilisha nguo gizani. Tumetengeneza mikokoteni midogo yenye magurudumu. Hakikisha mlango wa stoo unaipitisha ikiwa imejaa. Miguu imepakwa rangi kwa urefu: nyekundu, bluu, njano. Alama za mipangilio mitatu zimechorwa sakafuni kwa rangi hizo za kila safu, hivyo hata aliyejiunga jana anajua meza inaenda wapi. Zamani tulipokuwa tunapima kwa futi kila mara, kazi iliisha usiku wa manane. Siku hizi vijana wanane wanamaliza kabla ya chakula cha usiku, na chakula hicho kimo kwenye bajeti ya kila onyesho, pamoja na nauli. Kabla hatujaanza kuwalipa, mwongozaji alikuwa akiomba kubadilisha viti kila mtu anakumbuka msiba kijijini.

Upande wa karatasi: mbali na kibali cha ujenzi cha manispaa, usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na ofisa utamaduni, kumbukeni kwamba michezo ya jukwaani imo ndani ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kwa hiyo Bodi ya Filamu nayo inawahusu. Tiketi zisichapwe kabla mwongozaji hajatamka mpangilio, kwa sababu viti vya sakafuni hubadilika kila mara. Tumewahi kulazimika kuwarudishia watu fedha mlangoni, na mtu aliyetoka Tosamaganga kwa bodaboda hataki kusikia habari za jiometri.

Kilichobaki ni mkataba. Ghala si letu, na mzee mwenye nalo amekwisha kusema wanawe wana mawazo yao. Tuliandika naye orodha, tukaisaini mbele ya mjumbe: dari, mlango uliohamishwa na sakafu ni mali ya ghala; meza, miguu, nguzo za taa na mabomba ni vyetu, na nguzo zimefungwa kwa boliti badala ya kuchimbiwa kwa zege. Mama wa stoo ndiye anayetunza nakala yetu. Ameandika kwa kalamu pembeni kwamba vyote hivyo, ukivipanga vizuri, vinaingia kwenye fuso moja.